Dalili Huja kwa Makundi

Maelezo kwa wananchi wa Ipyana, Wilaya ya Kyela, kuhusu vijana wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo



Figo zinaposhindwa kazi, damu yaweza kusafishwa kwa mashine au kwa njia ya tumbo. Katika njia hii ya pili, maji maalumu, aghalabu lita 2 kwa mtu mzima, hupitishwa kwenye mpira laini hadi tumboni. Hukaa humo saa 4 hadi 6, yakivuta uchafu wa damu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa. Wengi hurudia kazi hii mara 4 kwa siku. Nchini kwetu mashine ndiyo iliyozoeleka. Wanaotumia tumbo ni wachache. Hivyo kijana wa namna hii aweza kuishi kijijini pasipo mwenzake wa kumuuliza, “Nawe wasikia hivi?”

Jambo ninaloomba mlishike ni moja: dalili zake haziji moja moja, huja kwa makundi. Ngozi inayowasha humnyima usingizi. Usingizi ukikosekana, uchovu huzidi. Uchovu ukidumu, huzuni huingia. Tumbo lililojaa maji hupunguza hamu ya kula, na choo kigumu huzuia maji kutoka vizuri. Miguu ikivimba na pumzi ikawa fupi, huenda maji yamezidi mwilini.

Kijana ana mzigo mwingine. Yu katika umri wa kutafuta kazi, kuchumbia au kuolewa. Huona haya kwa sababu ya mpira ulio tumboni, na hamu ya tendo la ndoa ikipungua hunyamaza. Mbele ya daktari husema, “Nimechoka tu.” Akirudi nyumbani, hununua dawa ya kuongeza damu kwa ajili ya uchovu, mafuta kwa ajili ya mwasho, na vidonge vya maumivu kwa ajili ya misuli inayokaza. Kila dalili hupewa dawa yake, na chanzo hubaki palepale.

Dawa na vifaa tiba ndivyo Mamlaka yetu inavyovisimamia. Kwa hiyo twawasihi yafuatayo.

Kwanza, andikeni dalili zote katika daftari moja, hata zile za aibu, na mwende nalo kliniki.

Pili, msinunue diklofenaki wala ibuprofeni katika duka la dawa muhimu bila ushauri wa daktari. Dawa hizo zaweza kumaliza nguvu kidogo iliyosalia katika figo. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari kabla ya kunywewa.

Tatu, kagueni kila mfuko wa maji: tarehe ya mwisho wa matumizi, uvujaji na uangavu. Wenye kasoro usitumike. Nawani mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira.

Nne, maji yanayotoka yakiwa na ukungu, au tumbo likiuma pamoja na homa, msingoje kupambazuke. Hiyo yaweza kuwa ambukizo la utando wa tumbo, nalo huua. Chukueni mfuko wa maji hayo, mwende hospitali mara moja. Safari ya kupanda Tukuyu hadi Mbeya ni ndefu. Nauli yake iwekwe akiba mapema.

Nanyi jamaa, msimuulize kijana wenu, “Hujambo?” pekee. Muulizeni pia alilalaje, alikula nini, na moyo wake ukoje.