Pango la Moyo



Katika 1 Wafalme 19, Nabii Eliya alimkimbia Yezebeli akajificha pangoni. Tusome kwa jicho la roho: pango hilo ni moyo wenye hofu. Upepo, tetemeko na moto ni vitisho vya wenye mamlaka, Mungu hakuwamo. Alinena kwa mnong'ono, kisha akamrudisha nabii kwa njia aliyoijia.

Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifukuzwa bustani ya Uhuru kwa virungu na gesi ya machozi. Walipata hifadhi chini ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Humo waliomba, wakazidi kudai wana wao waachiliwe.

Basi, tuingie pangoni na hofu zetu, tunyamaze, tusikie. Kisha tutoke tukaseme kweli.