Kabla ya Jengo, Tuandikiane



Naanza na meno. Wengi wetu tumezoea kucheka mkono ukiwa mdomoni. Ile rangi ya kahawia siyo uchafu. Ni floraidi ya maji ya Bonde la Ufa tuliyokunywa utotoni, na ikizidi kwa miaka mingi inapinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4.

Suluhisho lilianzia kwa jirani. Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali, Karatu, akiwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alitengeneza chujio la mchanga na chembechembe za nano. Mwaka 2015 likashinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Uingereza. Nano ni nini? Chukua milimita moja, igawe mara milioni. Ndiyo udogo wenyewe huo. Na chujio lile linarekebishwa kulingana na maji ya mahali. Kisima cha Katesh si lazima kifanane na cha Haydom, kwa hiyo lazima mtu apime.

Ndiyo maana nasema tudai kituo kimoja cha utafiti, cha pamoja: Mbulu Mji, Mbulu Vijijini na Hanang. Vifaa vya kuona vitu vidogo hivyo ni ghali, halmashauri moja haiwezi kubeba mzigo huo peke yake. Taasisi ya Arusha ilete wataalamu, na COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ichangie.

Ila mimi nasoma sheria, hapa sitanii: mkataba kwanza, jengo baadaye. Uandikwe nani atalipa umeme na mafundi utepe ukishakatwa. Uandikwe nani anaruhusiwa kuingia, ni watafiti tu au hata mwalimu wa sekondari na kamati ya maji ya kijiji. Uandikwe pia majibu ni ya nani. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu. Kama maji siyo maisha, basi nini?

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, usikae nyuma. Nyoosha mkono, uliza: kisima chetu kilipimwa lini, na karatasi ya majibu iko wapi?