Kufungua na Kufunga: Swichi Angani na Istilahi Zetu
Januari 2000 setilaiti OPAL ya Chuo Kikuu cha Stanford ilirushwa kutoka California, Marekani. Miongoni mwa mizigo yake mlikuwamo visetilaiti viwili vilivyounganishwa kwa uzi, vyenye swichi ndogo mno za redio. Swichi hizo zilifungwa na kufunguliwa tena na tena ili kupima utendaji wake angani.

Tulielezeje jaribio hilo? Kwa fundi wa umeme, swichi iliyofunguka hukata mkondo. Ilhali Mswahili akifungulia redio, sauti hutoka. Atakayetafsiri neno kwa neno atageuza matokeo yote. Napendekeza tuseme ncha za swichi “zimegusana” au “zimeachana”. Istilahi na itokane na utendaji wa kitu.