Misuli Haijengwi kwa Jasho Tupu

Msikilizaji, alfajiri kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mama anapandisha tenga la kabichi kichwani hadi barabarani, tumboni ana chai ya rangi tu. Jioni, kijana mjini Morogoro ananyanyua vyuma, kisha anakula ugali na mchicha. Hoja yangu ni hii: mwenye kilo 60 anayefanya mazoezi mazito anahitaji walau gramu 72 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ni kweli nyama ni ghali, na mkulima ana ada ya shule ya kulipa. Lakini maharage yanalimwa hukohuko Uluguru, na Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa. Je, kabla gari la sokoni halijaondoka, nyumbani kwako kinabaki kiasi gani cha maharage na maziwa?