Upepo wa Tairi: Kutoka Mchangani hadi Kwenye Lami



Gari la upande wa bara hukanyaga ardhi tofauti kwa safari moja. Asubuhi liko kwenye mchanga wa Utange au Mtongwe, na dakika chache baadaye liko kwenye lami pamoja na matrela. Tairi ni zilezile, lakini upepo unaofaa mchangani ni hatari kwenye lami.

Kwanza, ununuzi. Tairi za meno makubwa hushika vizuri matope ya Changamwe wakati wa masika. Kwenye lami iliyolowa, meno hayo hugusa barabara kidogo na gari huchelewa kusimama. Anayetembea zaidi kwenye lami na kumalizia njia ya vumbi achague tairi za meno ya wastani. Asome pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mapya na mpira uliozeeka.

Pili, upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa kupiga teke. Pikapu isiyo na mzigo inayotumia pauni 35 kwenye lami inaweza kushushwa hadi 28 hivi kwenye changarawe, na karibu 20 ikikwama mchangani. Tairi hutanuka, likaacha kuzama. Chini ya 15 linaweza kuchomoka kwenye rimu. Penye mawe ya matumbawe upepo usishushwe sana, kwani ubavu hukatika.

Hatari kubwa huanza mchanga unapoisha. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami, ubavu wake hujikunja kila mzunguko, hupata moto na mwishowe hupasuka. Kwa hiyo anayeshusha upepo awe na pampu garini, au aende polepole hadi kwa fundi wa pancha aliye karibu kabla ya kushika Barabara ya Malindi.

Bodaboda ni tofauti. Nyingi hutumia tyubu. Upepo ukipungua sana, tairi huteleza kwenye rimu na kung'oa vali ya tyubu. Mwendeshaji asishushe upepo. Penye mchanga mzito, abiria ateremke, pikipiki ipite, kisha apande tena. Abiria naye asione haya kuteremka wala kukataa tairi kipara.

Geji ni bei ndogo kuliko tairi moja, na tairi ni bei ndogo kuliko mtu. Safari njema.