Tusipime Reli kwa Haraka



Mashine ya kupima reli kwa sauti haina macho. Probu hupeleka sauti ndani ya chuma, mwangwi hurudi, na programu hupiga hesabu kwa yale tuliyoiandikia. Sauti ya probu ya wima huenda kama mita 5,900 kwa sekunde. Ya mshazari wa digrii 70, kama 3,200. Ukizichanganya, ufa utaonyeshwa mahali usipo. Tena probu ikilika, pembe hubadilika. Basi kabla ya kazi tuijaribu juu ya chuma chenye tundu la kina kinachojulikana.

Mwaka 2000, huko Hatfield, Uingereza, reli yenye nyufa ilivunjika chini ya gari la moshi. Watu 4 wakafa. Msimamizi akituhimiza, tumjibu kwa adabu: kujaribu mashine ni kazi, nayo ipewe saa yake.