Ulevi na vidonge vyuoni: tusifiche maradhi

(Maelezo niliyoyatoa mbele ya wazazi na wanafunzi wa jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio)

Nimeombwa niseme juu ya kuwakinga wanafunzi na ulevi na dawa za kulevya. Kazi yangu ni ushauri kwa wanafunzi wa chuo, kwa hiyo sikuja kuhubiri. Wahubiri tunao, tena wazuri.

Nianze na jambo tunalopenda kuambiana: "Hayo ni ya wenyeji, wanetu tumewalea." Kweli tumewalea. Lakini mtoto akishahamia bwenini anaishi na watu wa kila namna, na hakuna mama wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Sheria ya nchi ya mwaka 1984 ndiyo iliyoyasukuma majimbo yote kuweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka 18 tu, na pombe anaipata. Wataalamu wa taasisi ya taifa inayochunguza ulevi wanasema wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi, maana ndipo kijana anapotafuta marafiki kwa gharama yoyote.

Gharama hiyo tumeiona hapa hapa Ohio. Machi 2021, kijana wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State alifariki baada ya kunyweshwa wiski nyingi kupita kiasi katika sherehe ya kuingizwa kwenye chama cha wanafunzi. Mwaka huo huo jimbo lilipitisha sheria iitwayo Collin's Law, kwa jina la mwanafunzi mwingine aliyefariki 2018. Leo kumlazimisha mwenzio kunywa mpaka akadhurika vibaya ni kosa kubwa la jinai. Vijana, "tulikuwa tunatania tu" si utetezi mahakamani.

Sasa vidonge. Hapa nawaomba wazazi wasikilize zaidi, hasa wale ambao watoto wao hawagusi pombe. Mei 2022, hapa hapa Columbus, wanafunzi wawili wa Ohio State walifariki baada ya kumeza vidonge walivyodhani ni Adderall. Vilikuwa bandia, na ndani mlikuwa na fentanili. Adderall halisi huandikwa na daktari, lakini vyuoni wapo wanaoitafuta mitaani ili wakeshe na vitabu wakati wa mitihani. Mtoto wetu aliyefundishwa kuwa pombe ni haramu anaweza kukimeza kidonge hicho bila kusita, kwa sababu hakifanani na dhambi. Kinafanana na bidii. Mwaka 2023 idara ya serikali kuu inayopambana na dawa za kulevya ilisema kuwa kati ya kila vidonge 10 bandia vyenye fentanili ilivyovipima, 7 vilikuwa na kiasi kinachoweza kuua. Kwa hiyo kidonge ambacho hakikutoka kwa mfamasia kwa jina lako usikimeze, hata kama aliyekupa ni rafiki yako wa kufa na kuzikana.

Lakini kuna kitu kinachoua zaidi ya ujinga, nacho ni woga wa aibu. Kijana anamwona mwenzake amelala hazinduki, anapumua kwa mbali, midomo imebadilika rangi. Badala ya kupiga 911 anawaza polisi, anawaza viza, anamwaza baba. Anamfunika blanketi, anasema atalala zitamtoka. Haziwezi kumtoka kwa usingizi. Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, piga simu, usimwache peke yake. Tangu 2016 Ohio ina sheria inayompunguzia mashtaka, kwa masharti, anayeomba msaada kwa aliyezidiwa na dawa za kulevya.

Sitawadanganya kwamba hakuna madhara kwa sisi wageni. Bangi iliruhusiwa Ohio mwaka 2023 kwa wenye miaka 21 na zaidi, lakini uhamiaji hufuata sheria ya serikali kuu, ambayo bado inaikataza. Asiye raia aiepuke kabisa, na akishikwa azungumze na wakili kabla ya kukiri chochote. Lakini kesi ina wakili, maiti haina.

Je, kinga gani inafaa? Mabango na vitisho peke yake havitoshi. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kilianzisha mpango ambao mshauri hukaa na mwanafunzi mara mbili tu, bila kumkaripia, akamwonyesha anakunywa kiasi gani na wenzake kwa kweli wanakunywa kiasi gani. Wengi hushangaa, maana kila mmoja hudhani wenzake wote wanamzidi. Kumbe kijana husikiliza akiheshimiwa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kila mzazi amwambie mwanawe usiku huu: "Ukipatwa na lolote, saa yoyote, nipigie. Maswali kesho." Pili, jumuiya iweke Narcan katika ukumbi huu. Inapulizwa puani, inamzindua aliyezidiwa na fentanili, haimdhuru asiyeitumia, na Project DAWN ya Ohio huigawa bure. Haisaidii kwa pombe, hilo mlijue.

Tatu, na ndilo gumu, tuache kuwatangaza watoto wa wenzetu. Mtoto wa fulani akianguka, habari inafika Muscat na London kabla hajafika hospitali. Mzazi anayesikia tunavyomsema jirani atamficha wake mpaka tuitane mazikoni. Wazee walishasema: mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tumrahisishie mwenzetu kuyasema maradhi angali na mtoto wa kutibu.

Sasa naomba maswali, na nitaanza na vijana wa nyuma.